Vile unatumia data kupanga mkakati wa kampuni ya bioteknolojia ya kilimo, hatua kwa hatua

Hii naandikia mtu ambaye ako ndani ya kampuni ndogo ama ya kati, ile iko na maabara upande wa Juja ama Ruiru ama Kabete, ofisi ya vyumba vichache Westlands, watu wa mauzo wanazunguka kaunti, na bidhaa ambazo ni vitu hai: miche ya ndizi ya tishu kalcha (ile inazidishwa ndani ya chupa maabara), vipandikizi vya viazi, bakteria wa kupaka mbegu za soya na maharagwe, ama ile kuvu ya kuzuia sumu ya aflatoxini kwa mahindi. Watu wengi wakiskia uchanganuzi wa data wanafikiria ni dashibodi ya rangi rangi kwa skrini ya chumba cha mkutano. Mimi naona ivi: mkakati ni kuamua pesa itaenda wapi na wapi haitaenda, na data inasaidia tu kama imefika kabla huo uamuzi haujafanywa. Na kwa hii kazi yetu tarehe ya uamuzi haiwekwi na meneja, inawekwa na mvua na mmea wenyewe.

Kampuni kubwa za dunia zilielewa hii maneno kitambo. Monsanto ilinunua Climate Corporation 2013 kwa karibu dola bilioni 1, kampuni ya data ya hali ya hewa, sio ya mbegu. Syngenta ilishinda tuzo ya Franz Edelman 2015 kwa kutumia hesabu kupanga kazi ya kutafuta aina bora za mbegu za soya. Sisi hatuna hizo pesa lakini hesabu zenyewe nyingi zinaingia kwa Excel, na hiyo ndio nataka tufanye hapa.

Hatua ya kwanza: andika maamuzi kabla hujagusa data

Chukua karatasi, andika maamuzi yote makubwa ambayo kampuni lazima ifanye mwaka huu. Sio maswali ya jumla kama "wateja wetu ni nani", hapana, maamuzi. Tuzalishe miche mingapi ya masika. Tuendelee kuuza Kisii ama turudi nyuma. Ile bidhaa mpya tuipeleke kwa majaribio ya shambani ama tuiachie hapo. Kando ya kila moja andika nani anaamua na mwisho wake ni tarehe gani.

Tarehe unaipata kwa kuhesabu kinyumenyume kutoka siku ya kupanda. Mvua za masika ni Machi mpaka Mei, vuli ni Oktoba mpaka Disemba, na huko juu Trans Nzoia na Uasin Gishu mahindi ni msimu mmoja mrefu. Sasa chukua mche wa ndizi. Kuuzoesha jua na udongo kwenye grinhausi pekee ni kama wiki 6 mpaka 8. Kabla ya hapo umekaa kwa chupa ukizidishwa, kila mzunguko kama wiki 4 mpaka 6, na mizunguko ni kadhaa. Kwa hivyo miche ya kuuza Aprili inaamuliwa mwaka uliotangulia, na kama makadirio ya mauzo yanatoka Januari basi hayo ni makadirio ya kusoma tu, hakuna kitu maabara inaweza kufanya nayo tena. Nimeona kampuni zikilipia mtu wa data vizuri alafu ripoti yake inakuja miezi baada ya uamuzi kupita, na kila mtu anaipongeza.

Ukimaliza hii karatasi utapata maamuzi matano ama sita hivi. Kazi yote inayofuata ni ya kujibu hayo tu, zingine zingoje.

Hatua ya pili: safisha ile data uko nayo

Usikimbilie kununua programu. Data iko tayari, imetawanyika: risiti za mauzo, daftari la maabara, meseji za M-Pesa, WhatsApp ya watu wa nyanjani, karatasi za majaribio zilizokunjwa ndani ya droo ya mtu ambaye alishaacha kazi. Zikusanye zote mahali pamoja alafu ufanye ile kazi hakuna mtu anapenda.

Majina kwanza. Agroveti moja ya Sagana utaipata imeandikwa kwa njia tatu tofauti na kompyuta inadhani ni wateja watatu, kila mmoja akinunua kidogo, kumbe ni mteja wako mkubwa kuliko wote wa Kirinyaga. Mpe kila mteja namba yake na hiyo namba isibadilike ata duka likihama barabara. Alafu vipimo: mmoja ameandika ekari, mwingine hekta, mwingine "nusu shamba", na hekta moja ni karibu ekari 2.47 kwa hivyo kosa hapo linakuharibia kila kitu mbele. Gunia liandikwe kwa kilo. Debe pia. Tarehe ya mauzo na tarehe ya malipo ziwe safu mbili, usizichanganye, juu mkopo wa agroveti unaweza kukaa miezi.

Kwa data mpya ya nyanjani tumia KoboToolbox ama ODK, programu za kujaza fomu kwa simu, zinafanya kazi bila mtandao na simu inachukua lokesheni ya shamba yenyewe. Fomu iwe fupi. Afisa ambaye ako kwa jua la Mwea na ako na wakulima wengine wa kutembelea hatajaza maswali 60 kwa ukweli, atajaza kumi vizuri na mengine atakisia, na wewe hutajua gani ni gani. Mvua unaweza kuongeza bila gharama kutoka CHIRPS, makadirio ya mvua ya setilaiti, data yake inaanza 1981 na kila kisanduku ni kama kilomita 5, kwa hivyo unaweka lokesheni ya shamba na unapata historia ya mvua ya hapo.

Na tafadhali, namba za simu za wakulima sio mali yako ya kugawa. Sheria ya Ulinzi wa Data ni ya 2019, inataka umwambie mtu unachukua data yake ya nini, akubali ama uwe na sababu nyingine ya kisheria, na data ikae salama. Ata bila sheria, ni heshima. Mama amekupa namba yake juu alikuamini kuhusu ndizi zake, asianze kupigiwa na watu wa mikopo.

Hatua ya tatu: fuata mzigo mpaka kwa mkulima

Kama ni hatua moja tu utafanya kwa hii orodha yote, fanya hii.

Kampuni nyingi zinahesabu mauzo pale lori linapotoka stoo. Agroveti imechukua pakiti 400, tunaandika 400, mtu wa mauzo anapata komisheni, bosi anafurahi. Lakini mkulima hajanunua bado. Tuseme mwisho wa msimu unaenda pale dukani unahesabu kwa rafu unapata pakiti 260 bado zimekaa. Mauzo ya ukweli ni 140. Na kama bidhaa ni bakteria hai ya rhizobiamu, ile ya kupaka mbegu, hizo 260 zinakufa polepole kwenye rafu iliyo karibu na mabati moto, msimu ujao mtu atauziwa pakiti ya bakteria waliokufa, ataona hakuna tofauti shambani, na hatanunua tena maisha yake yote wala jirani yake. Kwa hivyo stoki iliyobaki dukani inakuharibia jina pia, mbali na pesa.

Fanya ivi. Chagua agroveti kadhaa kwa kila kaunti, mchanganyiko wa kubwa na ndogo, za mjini na za vituo vya ndani, na uhesabu stoki yao kila baada ya wiki mbili wakati wa msimu. Kilichoingia toa kilichobaki. Mwenye duka, yule wakulima wanamuita daktari, mpe sababu ya kukusaidia: mpelekee hesabu yake mwenyewe, mwonyeshe bidhaa gani inatembea na gani imelala, atakungojea kila wiki.

Alafu tafuta mkulima aliyerudi. Weka kadi ndani ya pakiti ama ujumbe mfupi wa bure anaotuma akinunua, na baada ya misimu miwili unaweza kuuliza swali la maana kuliko yote: kati ya walionunua mara ya kwanza, wangapi wamenunua tena? Kaunti A ina wanunuzi wapya 1,000 na waliorudi ni 150. Kaunti B ina wapya 400 na waliorudi ni 260. Ripoti ya kawaida inasema A ndio inafanya vizuri, weka pesa huko. Mimi ningeshika B kwanza, juu huko bidhaa inafanya kazi na watu wanaambiana, alafu nitume agronomisti A akaulize kwa nini watu 850 hawakurudi. Pengine udongo una asidi nyingi, pengine maelezo ya kutumia hayakueleweka, pengine ni ile rafu ya jua. Kila jibu linaleta mkakati tofauti: moja ni la bidhaa, moja la mafunzo, moja la usafirishaji. Data haikuambii jibu hapa, inakuambia mahali pa kwenda kuuliza.

Hatua ya nne: soma majaribio ya shambani kwa macho ya mkulima

Watu wa sayansi wanaleta wastani. Wastani ni mzuri lakini unaficha. Tuseme mna mbegu mbili za mahindi, mmezijaribu sehemu tano, na hesabu ni magunia ya kilo 90 kwa ekari. Ya kwanza imetoa 31, 28, 26, 11 na 9. Ya pili 22, 21, 20, 17 na 15. Wastani wa kwanza ni 21, wa pili ni 19, kwa hivyo mkutano unataka kupigia debe ya kwanza nchi nzima. Lakini angalia zile sehemu mbili ngumu, za mvua kidogo: ya kwanza imeanguka mpaka 9 na 11, ya pili imesimama 15 na 17. Mkulima wa Machakos ako na ekari mbili na watoto shuleni, yeye anaogopa mwaka mbaya kuliko vile anatamani mwaka mzuri. Mpe ya pili. Ya kwanza iende nyanda za juu ambako mvua haisumbui sana. Hapo kutoka kwa jedwali moja umepata mikakati miwili, bei mbili na ujumbe wa redio aina mbili.

Angalia pia nani aliendesha ploti. Mashamba ya maonyesho kwa kawaida yanapewa mkulima hodari, yule ako na maji na mbolea na anapalilia kwa wakati, na hii inafanya bidhaa yako ionekane nzuri kuliko vile itakuwa kwa mkulima wa kawaida. Kwa kila ploti weka ya kulinganisha kando yake, shamba hilo hilo, mkono huo huo, bila bidhaa yako, na mahali pa kila moja pachaguliwe kwa bahati nasibu sio kwa kupendelea upande wenye udongo mweusi. Na ploti zilizoharibika usizifute. Ikiwa viwavijeshi vamizi vimekula, vile vilivyoingia Kenya 2017, andika hivyo na uweke kwa hesabu, juu kwa shamba la mteja pia vitakuja. Ugonjwa wa mahindi wa MLN uliripotiwa mara ya kwanza hapa nchini 2011 huko Bomet, na kampuni ambayo data yake ilikuwa na safu ya magonjwa ingejua haraka aina gani ya mbegu inahimili kuliko ile iliandika mavuno pekee.

Hatua ya tano: maabara ni sehemu ya mkakati

Hii watu wa biashara hawapendi kuangalia, wanasema ni mambo ya watu wa koti nyeupe. Ebu tufanye hesabu kidogo. Chipukizi moja la ndizi linazidishwa mara 3 kila mzunguko. Baada ya mizunguko 6 bila hasara unapata 729. Sasa weka hasara ya asilimia 5 kila mzunguko, chupa zilizoingia ukungu ama bakteria zinatupwa: unabaki na kama 536. Hasara ikiwa asilimia 10: kama 387. Yani kutoka 5 mpaka 10, kitu ambacho kwa ripoti ya mwezi kinaonekana kidogo, kimekula zaidi ya robo ya miche yako, na mshahara wa maabara, stima na kemikali ni zile zile.

Kwa hivyo kabla bodi haijaamua kujenga maabara ya pili, mwambie mtu wa data achore hasara kwa kila meza ya kazi, kila mfanyakazi, kila bechi ya chakula cha miche, kila siku stima ilipotea. Mara nyingi utaona tatizo limekaa mahali pamoja, pengine mashine moja ya kuua vijidudu haifiki joto. Kuitengeneza ni bei rahisi sana kuliko jengo. Hesabu pia mizunguko: mche ukizidishwa mara nyingi sana unaanza kubadilika, migomba mingine inatoka na maumbile sio yale mteja alinunua, kwa hivyo weka kikomo na dashibodi ipige kelele kikifika. Huo mgomba wa ajabu unaonekana shambani mwaka mmoja baadaye wakati huwezi tena kujua ulitoka chupa gani, isipokuwa uliandika namba ya bechi kwa risiti ya mteja. Andika namba ya bechi kwa risiti ya mteja.

Hatua ya sita: amua kiasi cha kuzalisha

Hapa ndio watu wanashindana kwa sauti, mauzo wanataka nyingi, fedha wanataka kidogo. Kuna hesabu ya kuwapatanisha. Tuseme mche unauza shilingi 150 na kuuzalisha ni 60. Ukikosa mche mteja akiwa mlangoni umepoteza faida ya 90. Ukibaki na mche umepitiliza umepoteza 60. Gawanya 90 kwa jumla ya 90 na 60, unapata 0.6. Maana yake zalisha kiasi ambacho kwa misimu 10 kinatosha mahitaji mara 6. Kama mteja akikosa anaenda kwa mshindani na harudi, hasara ya kukosa ni kubwa kuliko 90, kwa hivyo panda juu kidogo. Kama mche unaweza kuuzwa msimu ujao kwa bei ya chini hasara ya kubaki inapungua, ongeza kiasi tena.

Lakini ili ujue mahitaji yamekuwa yakicheza vipi lazima uwe umeandika oda ambazo mlikataa. Karibu hakuna mtu anaziandika. Msimu mliuza 18,000 na stoki ikaisha, kwa karatasi inaonekana mahitaji yalikuwa 18,000, na mwaka unaofuata mnapanga 18,000, mnazunguka hapo hapo miaka na miaka wakati watu walikuwa wanataka 30,000. Weka daftari kwa meza ya simu, kila aliyekosa aandikwe: anatoka wapi, alitaka ngapi, aina gani.

Hatua ya saba: wapi unapata faida, na nani kweli analipa

Hesabu faida kwa kila eneo baada ya kutoa kila kitu cha eneo hilo, sio faida ya jumla ya kampuni. Mfano tu: Kirinyaga mche wa 150, toa 60 ya kuzalisha, toa 8 ya usafiri, 2 ya miche iliyokufa njiani, 10 ya mtu wa nyanjani, inabaki 70. Kisii toa 60, usafiri 22, iliyokufa 9, mtu wa nyanjani 24, inabaki 35. Kisii mnauza 30,000 na Kirinyaga 20,000, na kila mtu ofisini anasema Kisii ndio nguzo ya kampuni, kumbe inaleta shilingi milioni 1.05 na Kirinyaga inaleta 1.4.

Usikimbie kusema tufunge Kisii. Angalia ndani ya hizo namba: usafiri, miche kufa na mtu wa nyanjani ndio inakula. Mche mdogo kutoka kwa chupa ni mwepesi, maelfu yanaingia kwa gari dogo, ni ule ulioshakomaa na udongo wake ndio mzito. Kwa hivyo pengine jibu ni kushirikiana na kikundi cha akina mama ama kijana mwenye kitalu huko Kisii, mnapeleka miche midogo, wao wanaikomaza na kuuza, na wanabaki na sehemu yao. Huo ni mkakati mzima umetoka kwa kugawanya gharama kwa safu nne.

Swali la nani analipa ni gumu zaidi na napenda kulielezea kwa mfano wa aflatoxini. Mwaka 2004 watu 317 waliugua na 125 wakafa huko Ukambani na karibu yake kwa kula mahindi yenye hii sumu, watu wetu. Kuna bidhaa ya kuvu isiyotoa sumu, Aflasafe KE01, inamwagwa shambani wiki 2 mpaka 3 kabla mahindi hayajatoa maua, kilo 4 kwa ekari, inachukua nafasi ya ile kuvu mbaya. Inafanya kazi. Lakini mkulima haoni aflatoxini kwa macho, haina harufu, gunia lenye sumu na lisilo na sumu sokoni linaweza kupata bei moja. Ukichora mauzo ya bidhaa kama hii kwa aina ya mnunuzi utatarajia mkulima mmoja mmoja awe chini, na walio juu wawe ni wale wanauzia msagaji anayepima, juu kiwango cha Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 kwa kilo na lori likizidi hapo linarudishwa getini. Basi mteja wako wa kweli ni msagaji na kikundi kinachomuuzia, na pesa ya matangazo ya redio afadhali iende kwa vifaa vya kupima na mikataba ya bei. Na ukifanya hivyo mama wa Makueni anakula ugali salama, hiyo kwangu ni sababu tosha ya kufanya hesabu vizuri.

Hatua ya nane: bidhaa za miaka ijayo na milango ya sheria

Utafiti wa Phillips McDougall wa 2011 ulipata kwamba kuleta sifa moja mpya ya GMO (mazao yaliyobadilishwa vinasaba) sokoni kulichukua kama miaka 13 na dola milioni 136. Kampuni yetu haifanyi hizo, lakini mfumo ni ule ule, milango mfululizo na kila mlango unaweza kufungwa: maabara, grinhausi, majaribio ya shambani, kibali. Kibali kinategemea bidhaa, mbegu inaenda KEPHIS, shirika la ukaguzi wa mimea, huko Karen, dawa ya kibaolojia inaenda PCPB, bodi ya dawa za wadudu, Loresho, na kitu cha GMO kinaenda Mamlaka ya Usalama wa Viumbehai, NBA, chini ya sheria ya 2009.

Weka uwezekano wa kila mlango. Mfano 0.8, 0.7, 0.6 na 0.5, ukizidisha unapata 0.168. Bidhaa ikifika sokoni italeta milioni 200, kwa hivyo thamani yake leo kwa hesabu hii ni milioni 33.6. Gharama za milango ni milioni 3, 7, 15 na 35, jumla 60. Mtu wa fedha ataona 33.6 dhidi ya 60 na atasema hapana. Lakini hulipi mlango wa nne kama wa pili umefungwa. Hesabu gharama na uwezekano wa kufika pale: 3, ongeza 5.6, ongeza 8.4, ongeza 11.76, unapata karibu 28.8. Sasa inalipa, kidogo. Alafu jaribu kushusha mlango wa mwisho kutoka 0.5 mpaka 0.3: thamani inashuka mpaka kama 20.2 na bidhaa imekufa. Kwa hivyo kitu cha kufanyia kazi sa hii ni kibali, pengine kuajiri mtu anayejua hiyo njia ni bora kuliko mashine mpya. Na pesa ya miaka sita ijayo sio sawa na ya leo, ipunguze kwa riba mnayokopea.

Kwa mambo ya GMO usiandike makadirio ya mstari mmoja. Serikali ilifunga uingizaji 2012, pamba ya Bt, GMO ya kujikinga na viwavi, ikaruhusiwa kupandwa Disemba 2019, baraza la mawaziri likaondoa marufuku Oktoba 2022, alafu kesi na amri za korti zikafuata. Panga hali tatu, milango wazi, milango imefungwa, na kesi inaendelea miaka, na kwa kila moja uandike tutafanya nini na ni ishara gani itatuambia tumeingia hapo. Mradi unaosimama kwa zote tatu ndio unapewa pesa kwanza.

Hatua ya tisa: peleka kwa mkutano karatasi moja

Uamuzi juu, chaguo mbili ama tatu, namba tatu za kuunga mkono, kile ambacho kinaweza kufanya uwe umekosea, na tarehe ya mwisho. Basi. Ongea na mkuu wa maabara na mkuu wa mauzo kabla ya siku hiyo, kila mmoja peke yake, manake mtu akiona namba za idara yake mara ya kwanza mbele ya bosi atazipinga ata kama ni za ukweli, na ana haki ya kuuliza zimetoka wapi.

Hatua ya kumi: baada ya msimu

Makadirio yawekwe kwa faili na tarehe, hakuna mtu kuyarekebisha baadaye. Msimu ukiisha linganisha: tulisema ngapi, ikawa ngapi, kwa kila kaunti na kila bidhaa. Tofauti ikiwa ni upande mmoja kila mara, mfano mauzo huwa wanazidisha kwa robo, basi msimu ujao gawanya makadirio yao kwa 1.25 bila kelele. Tofauti ikifuata mvua ongeza mvua kwa hesabu. Huu mkutano wa kulinganisha ufanyike wiki ya pili ya Januari kwa vuli, na uwe umeisha kabla maabara haijaanza kuzidisha ya vuli inayofuata, mkuu wa maabara ndio aketi karibu na mwenye kuandika.